Mishumaa Haitaki Jua

Mpanda, 9 Juni 2024

Mama Emelyne mwenzangu,

Ukiona mwandiko umenyooka, piga kigelegele, maana naandika mwenyewe kwa macho yangu mwenyewe. Mtoto wa jicho ametolewa, kulia na kushoto. Daktari alipofungua bandeji, kitu cha kwanza nilichokiona ni kucha za mkwe wangu Helena, nyekundu hizo! Nikasema asante Bwana, hata kama ndicho ulichonichagulia kuanza nacho.

Simu tuiache. Nikikupigia inabidi nipayuke mpaka jirani achungulie ukutani, na wewe na masikio yako hayo unanijibu "ndiyo, mvua imenyesha" wakati nimekuuliza habari za mguu. Barua atakuletea Libérat na lori lake la kununua asali, na yako mpe yeye huyo huyo.

Hapa kwa mwanangu Severini naishi kama malkia. Asubuhi chai ya maziwa, mchana wali, maji yanatoka ukutani. Nimepewa chumba changu peke yangu upande wa nyuma. Asubuhi jua halifiki, na la jioni tunalizuia kwa pazia zito. Kwa ajili ya ubaridi wake, Helena anaweka humo mishumaa yake. Si ile ya kanisani. Hii ni mishumaa ya kunukia, mingine ndani ya glasi, mingine ndani ya vikopo. Anaiagiza Dar, anawauzia watu wa harusi na zile hoteli za watalii wanaokwenda mbugani. Rafu zimejaa kutoka chini hadi juu. Na unajua ni nani anayeitunza? Mimi!

Usicheke, ina masharti kuliko mtoto njiti. Haitaki jua, ikipigwa inapauka rangi na kutoa jasho la mafuta. Haitaki joto, inalegea. Lazima ifunikwe, la sivyo harufu inakimbia. Ya waridi usiiweke karibu na ya kahawa, zinaambukizana. Ile mirefu isiyo na glasi inalazwa, ikisimama siku za joto inapinda kiuno. Basi nafuta vumbi kwa kitambaa laini, nafunga pazia vizuri, kazi imekwisha, naketi.

Nyumba yangu usiiache, mwenzangu. Ufunguo unao, uwe unafungua ipate hewa. Mavuno ya asali hayataisha kabla sijarudi, Mungu akipenda.

Wako,
Scolastica, Mama Severini


Ugalla, 30 Juni 2024

Mama Severini,

Sikuulizi hali, kwa sababu wewe hata ukitetemeka na homa unasema "sijambo kabisa". Kwa macho nimefurahi. Sasa utaona makunyanzi yangu, maana ulikuwa umeyasahau, ukawa unaniita msichana.

Mana yanje, Mungu wangu, mishumaa isiyowashwa! Mimi mshumaa nimeujua wa Pasaka, na wa kuweka kichwani pa marehemu, na wa umeme ukikatika kwa hao wenye umeme. Huu wa kulazwa kama mgonjwa na kufungiwa pazia sikuujua. Kweli tembea uone. Nimekaa na nta maisha yangu yote ya ndoa, marehemu Callixte anashusha asali porini, mimi nachemsha masega nachuja nta, na hakuna siku nta iliniomba pazia. Nyie watu wa mjini mna mambo.

Usidhani nakaa hapa nakuwaza. Nina kazi zangu. Kuku wametaga, mihogo imekauka, mguu unauma palepale. Kitu kimoja tu kinaniudhi: mkono wangu bado unapima unga wa watu wawili. Tangu tubaki wajane tumekula ugali wa jioni sufuria moja, leo kwako kesho kwangu, na mkono umezoea. Nasonga, naangalia, naona ni mwingi, namwita mbwa wa Mzee Fredrick. Sasa mbwa amekuwa bwana mkubwa. Akifika anakaa upande wako, ananitazama kama ananidai mboga.

Nyumba yako ipo. Kila Jumamosi nafungua, nafagia, naketi kidogo kwenye kigoda chako, nafunga. Nyasi za paa bado nzima, mchwa nimewafukuza.

Swali langu ni moja tu, na ulijibu sawasawa, usinizungushe. Watu wameshaanza kushusha asali. Unarudi lini?

Athanasie


Mpanda, 28 Julai 2024

Mama Emelyne,

Umeanza ukali wako. Haya, nakujibu. Severini anasema macho bado yanatakiwa kukaguliwa. Nikamwambia kukaguliwa gani tena, mbona natunga uzi kwenye sindano? Akacheka, akasema, "Mama, pumzika. Kijijini unakimbilia nini?" Ningemwambia nakimbilia ugali wa mwanamke asiyesikia, mwenye mguu mbovu na mdomo mrefu?

Usinielewe vibaya, wananitunza. Asubuhi Severini anakwenda ofisini, Helena dukani, wajukuu shuleni, geti linafungwa. Nabaki na mishumaa. Siku nyingine naifuta hata kama haina vumbi. Naisemesha pia, nisikufiche. Kuna mmoja wa rangi ya bluu, Helena anasema una harufu ya bahari. Nimekaa nao siku nzima nikiunusa. Mimi bahari sijawahi kuiona, ziwa lenyewe nililiona Karema mara moja tu, na lilinuka dagaa. Labda ya bahari iko hivyo, sijui.

Nakutumia mmoja. Helena kanipa kwa moyo mweupe aliponiona kila siku nauchukua na kuurudisha. Umo ndani ya glasi, una kifuniko cha mbao. Harufu yake sikutajii. Karatasi yake imeandikwa Kiingereza, wala usihangaike nayo. Funua, nusa, halafu uniandikie ni nini. Ukishindwa, basi wewe si jirani yangu, nitatafuta mwingine.

Masharti yake haya. Utambi ukate ubaki kama punje ya mchele, ukiwa mrefu unatoa moshi na kuchafua glasi. Ukiuwasha mara ya kwanza usiwe na haraka ya kuuzima, acha nta ya juu iyeyuke yote mpaka ukingoni, la sivyo mshumaa unachimba shimo katikati na pembeni hautaungua tena. Uwe mbali na upepo, mbali na nguo. Ukimaliza funika, uweke penye giza na ubaridi.

Jumapili mkishatoka kanisani, saa ya chai ya jioni, uwashe wako. Mimi ninao mwenzake, nitauwasha saa hiyo hiyo. Itakuwa kama tumekaa uani kwangu, kila mtu na kikombe chake, hatusemi kitu.

Libérat anapiga honi, nafunga.

Scolastica


Ugalla, 18 Agosti 2024

Mama Severini,

Mzigo umefika mzima, hata glasi haikupata ufa. Warakoze, asante, mwenzangu. Tangu lini mtu akaniletea kitu kilichofungwa na utepe?

Ila umenisumbua kuutafutia mahali. Kwangu unakujua, bati limeshuka mpaka utosini na jua la Agosti ndilo hili. Jikoni moshi. Chini ya kitanda kuna kuku anatamia. Nikasoma tena masharti yako: giza, ubaridi, mbali na upepo. Nikasema basi hakuna pengine, ni kwa mwenyewe. Nyumba yako ya nyasi ni baridi kama mtungi. Nimeuweka chumbani mwako, ndani ya lile kasha la mbao lililo tupu tangu uchukue nguo zako, lile ambalo panya alitoboa kona. Nimefunga madirisha yote. Kifuniko cha mshumaa nimekitoa. Hapo msinifundishe, wewe na Helena wako. Nta isipopumua inaota ukungu, na hilo nalijua tangu niolewe.

Sijauwasha. Usikasirike. Nitawashaje kitu kizuri hivyo peke yangu, nikitazama ukuta? Ukija tutauwasha.

Harufu yake nzuri sana. Maua.

Emelyne wangu amepiga kwenye simu ya katekista kutoka Burundi, amejifungua salama, mtoto wa kiume. Katekista alinirudishia maneno sikioni moja moja. Anasema, mama njoo, huko umebaki na nani? Nikamjibu nimebaki na mizinga ya baba yako.

Hujanijibu unarudi lini. Nimeona, usidhani sikuona.

Athanasie


Mpanda, 22 Septemba 2024

Mama Emelyne,

Maua? Maua gani, wewe mwanamke? Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Nilidhani harufu ile utaitambua hata usingizini. Haya, sikutajii bado, nenda ukanuse tena.

Jumapili ile nilikata utambi, nikawasha wa kwangu, nikakaa nao mpaka wajukuu waliporudi kutoka kucheza. Nilikuwa nasema moyoni, sasa hivi na yeye anautazama wake. Kumbe nilikaa peke yangu. Si kosa lako, lakini iliniuma nilipoisoma barua yako.

Leo nasema ukweli, maana nimechoka umalkia. Chumba changu ni giza, Mama Emelyne. Nilitolewa mtoto wa jicho ili nione, nikaonyeshwa pazia. Mishumaa haitaki jua, sawa, na mimi je? Wiki iliyopita joto lilizidi, na ndege mmoja alikuwa analia nje karibu kabisa na dirisha. Nikasema potelea mbali. Nikalivuta pazia, nikafungua dirisha, nikaketi juani kama mjusi. Uwiii, raha niliyoisikia! Usingizi ukanichukua palepale.

Nilipoamka mishumaa yote ilikuwa imetoa jasho. Ile myekundu imepauka. Ile mirefu niliyokuwa nimeisimamisha niipanguse imepinda kama wazee wanaosinzia kanisani. Ya kwenye glasi mafuta yamepanda juu, na harufu zote zimechanganyika mpaka kichwa kikaniuma.

Helena hakufoka. Angefoka ningeomba radhi yakaisha. Alisema tu, "Usijali, Mama, ni kosa letu kukupa kazi." Kesho yake akaihamishia yote kwa rafiki yake. Sasa pazia nafungua nikitaka. Rafu ni tupu, na sina hata cha kufuta vumbi. Mle ndani bado mnanukia, na ile harufu ndiyo inanitia uchungu zaidi.

Jana mezani Severini akasema kwa upole, "Mama, ukae hapa moja kwa moja. Ile nyumba ya Ugalla tuiache ianguke yenyewe." Nikamwambia hapana. Nyumba yangu iko wima, jirani yangu anaifagia, mvua za kwanza zitanikuta kwangu. Akasema tutaona. Unaona basi, ile nyumba ndiyo mdomo wangu. Ikiwapo, nina la kumwambia mtoto. Isipokuwapo, mimi ni mtu wa kuwekwa.

Itunze, nakuomba.

Scolastica


Ugalla, 13 Oktoba 2024

Mama Severini,

Kaa chini kwanza ndipo usome.

Mguu ulinilaza, sikwenda kwako kwa muda. Juzi nikajikongoja. Nilifungua mlango, nikaingia mpaka chumbani, na masikio yangu hayakuniambia kitu. Nilipofungua dirisha ndipo nikaona. Nyuki. Wamepenya chini ya nyasi za paa, wakaingia ndani ya kasha kwa ile kona aliyotoboa panya, wamejaa, wameshajenga masega. Wengine wamening'inia uvunguni mwa kitanda chako. Ni kundi kubwa, wanapita dirishani kama watu wa mnadani. Wameniuma shingo na mikono, nikatoka kinyumenyume nimejifunika kanga usoni. Shingo imevimba mpaka leo.

Sijui walifuata nini. Nyumba tupu ziko nyingi huku, wakaja kuchagua yako.

Mzee Fredrick anasema tuwachome. Nimemkatalia. Moto chini ya paa la nyasi? Halafu unamkumbuka Callixte. Nyuki wakiingia nyumbani kwa mtu alikuwa hawagusi mpaka mwenye nyumba aje asimame mlangoni, aseme kwa mdomo wake mwenyewe, "nawatoa" au "nawapa nyumba". Hakukubali kutumiwa salamu. Alisema ukimtoa nyuki bila mwenyewe, akienda kumuuma mtoto wa watu, kesi inakuwa ya nani? Na mimi nimeshika hivyo hivyo. Siwagusi.

Kwa hiyo nakuuliza, utakuja useme? Kulala humo haiwezekani, nisikudanganye. Najua ulichomwambia mtoto wako kuhusu nyumba, na ndiyo maana barua hii nimeianza mara tatu.

Nijibu upesi.

Athanasie


Mpanda, 20 Oktoba 2024

Athanasie,

Nilimsomea Severini barua yako nikitegemea atasema twende. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi, Mama, hata nyuki wamesema. Huna nyumba tena." Akanimiminia chai. Hakusema kwa ubaya.

Ule mshumaa ni wa mchaichai. Niliuchagua kwa sababu ya mchaichai wangu wa uani, ule uliokuwa unauchuma kila jioni tukibandika maji. Na Callixte, akitengeneza mzinga mpya, alikuja kukata majani yangu akausugua nayo ndani ili nyuki wavutwe. Mbele yako na mbele yangu. Wewe ndiye uliyekuwa unamshikia mzinga.

Leo mke wa mfuga nyuki anatia mchaichai ndani ya kasha tupu lenye tundu, anautoa kifuniko, anafunga madirisha pawe giza, kisha ananiandikia "sijui walifuata nini". Na nilipokuuliza harufu ukaniambia maua. Mimi si mtoto mdogo.

Kama umezoea kukaa bila mimi, ungesema. Kama nyumba yangu imekuwa mzigo, na mguu wako huo, ungesema, ningekuelewa. Hukuwa na haja ya kunifungia mlango kwa mshumaa wangu mwenyewe.

Waache nyuki wakae. Mimi nitakaa huku.

Scolastica


Ugalla, 3 Novemba 2024

Scolastica,

Umeniita jina langu bila "mama", na mimi nakuita lako. Barua yako niliisoma nikalia, nikakasirika, nikaitupa kwenye kuni, nikairudia kabla moto haujashika.

Sasa sikiliza, wewe unayesikia. Mimi harufu sisikii. Ile homa iliyonilaza baada ya msiba wa Callixte iliondoka na pua yangu. Sisikii mchaichai, sisikii moshi, sisikii chakula kikiungua. Ulikuwa unanigusa unasema "ugali unaungua", nakujibu "najua". Sikuwa najua! Masikio nayo yalikuwa yameanza kwenda, nikaona nikitangaza na pua, watu watasema huyu mama amekwisha, mpelekeni Burundi kwa binti yake. Nikanyamaza. Hata wewe sikukwambia.

Nilipoufunua mshumaa wako niliubandika puani mpaka utambi ukaingia tunduni. Sikusikia kitu. Niliuzungusha, nikaunusa chini, nikanusa kifuniko. Kimya. Karatasi ni Kiingereza, na mwenyewe ulisema nisihangaike nayo. Nikawaza, mishumaa ya watu wa harusi itanukia nini kama si maua? Nikaandika maua. Nilikuwa naogopa utatafuta jirani mwingine kama ulivyosema, na najua ulikuwa unatania.

Kwa hiyo ni kweli, nimekutengenezea mzinga chumbani mwako kwa mikono yangu, na Callixte mwenyewe asingeupanga vizuri vile. Lakini sikujua. Namwapia Mungu, sikujua.

Na hili la kuzoea kukaa bila wewe. Unakumbuka Emelyne alivyokuja kunichukua baada ya arobaini ya baba yake? Ndugu zangu wote walikuwa wameshavuka kurudi Burundi. Alikuja na begi jipya, ameniwekea hata viatu. Akaniuliza, mama, unabaki na nani? Nikasema nabaki na mizinga. Mizinga gani, Scolastica? Ilikuwa imeshapasuka na kuanguka, wewe mwenyewe tulikwenda wote porini tukaiokota kuni. Nilibaki kwa sababu yako. Niliona aibu kumwambia mtoto wangu kwamba nimewaacha damu yangu kwa ajili ya jirani Mkonongo wa huku anayepika maharage bila chumvi. Sasa nimesema, nicheke ukitaka.

Mimi hapa naogopa. Siku nzima nawaona watu wanafungua midomo, sisikii sauti, sisikii harufu, nacheka wakicheka. Wengine wananipigia kelele usoni kama mbuzi aliyeingia shambani. Wewe peke yako ulikuwa unanigusa bega kwanza, ndipo unasema.

Nyumba huna, ni kweli. Mimi ninayo. Chumba cha Emelyne nimekipaka udongo mweupe, kuku mwingine aliyetamia humo nimemhamisha na mayai yake. Dirisha linatazama mawio na sijawahi kulinunulia pazia. Mvua ya kwanza imenyesha jana. Sikuombi.

Aa, mwongo mimi. Nakuomba.

Athanasie


Mpanda, 10 Novemba 2024

Athanasie,

Kumbe ugali ulikuwa unaungua kweli! Na mimi miaka yote hiyo najua unapenda ukoko, nakuachia wote.

Nimekuwazia vibaya, nisamehe. Ukikaa sana peke yako chumbani unaanza kuwasikia watu wanasema vitu ambavyo hawakuvisema. Barua yako sikumsomea mtu, hiyo ni yangu. Ila nimeisoma mpaka naijua kwa kichwa, na pale pa viatu vya Emelyne kila mara nalia.

Jana mezani nilisema, mwanangu, ni kweli nyumba sina. Nakwenda kwa mwenzangu. Severini akaweka kijiko chini. Akaniuliza, "Mama, tumekukosea nini?" Nikamwambia hamjanikosea kitu, baba. Mmenitunza vizuri sana, hata vumbi halikunigusa. Hapo Helena akaanza kulia, nikajua amenielewa. Severini alitoka nje, akakaa kwenye ngazi muda mrefu. Nilitaka kumfuata, nikajizuia, maana ningemfuata nisingeondoka tena. Anafanana na baba yake mgongoni. Aliporudi alisema amempigia Libérat simu: leo atatangulia na barua hii, na Alhamisi nimeshaombewa kiti cha mbele.

Usidhani nakuja na furaha tupu. Namwacha mtoto wangu wa pekee, na yeye hana mwingine anayemwita mama. Hilo nalibeba na nguo zangu.

Nyuki nitakwenda kusimama mlangoni niseme kwa mdomo wangu, kama Callixte alivyotaka. Nitawapa. Nyumba ile ilikuwa kubwa kwa mtu mmoja, ila sikuwahi kukwambia.

Alhamisi usiutie mlango komeo. Nikibisha hutasikia, na nikiita hutasikia. Wewe endelea na kazi yako, songa ugali wako. Nitaingia tu, nitakugusa bega.

Scolastica